Injini ya Mbio Haipumulii Tumboni

Nenda gereji yoyote, iwe Grogan hapa Nairobi au Gerezani kule Dar, useme gari lako linakula oili. Hujamaliza maelezo, fundi ameshafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, anaangalia moshi. Ukitoka mwembamba, atakirudisha na kuanza kuulizia mambo mengine. Ukitoka kwa mapigo, pu-pu-pu, na matone yakimrukia mkononi, hukumu imeshatoka: ringi, zile pete zinazoziba kando ya pistoni, zimekwisha, injini ifunguliwe. Kipimo hiki hakigharimu kitu na mara nyingi husema kweli, kwa sababu kinachoonekana pale ni gesi iliyopenya kando ya pistoni ikashukia tumboni mwa injini, kule inakozunguka kranki, shafti inayozungushwa na pistoni.

Hakuna ringi inayoziba kabisa. Hata injini mpya iliyojengwa na mabingwa hupitisha kidogo. Gesi hiyo ina petroli isiyoungua, mvuke wa maji na masizi, na isipopewa njia hujitafutia: itasukuma sili ya kranki, itavujisha gasketi, itainua kijiti cha kupimia oili. Magari ya zamani yalikuwa na bomba tu lililoning'inia chini, likitema mvuke barabarani. Mwaka 1961 jimbo la California likataka magari mapya yairudishe gesi hiyo kwenye hewa inayoingia injini ili iungue upya, na valvu ndogo inayofanya kazi hiyo iko mpaka leo kwenye gari la jirani yako. Kwa gari la kwenda kazini, mjadala umeishia hapo.

Kwenye gari la mbio swali hugeuka. Hatuulizi tena gesi itokee wapi. Tunauliza kama tunaweza kuifyonza haraka kuliko inavyoingia, tumbo la injini libaki na hewa nyembamba kuliko ya nje. Hilo ndilo ombwe linalotafutwa, na mfumo unaoliwezesha, draisampu, ulibuniwa kwa sababu nyingine kabisa.

Katika injini ya kawaida oili hukaa kwenye sampu chini ya kranki. Gari likikata kona kwa kasi au likipiga breki kali, oili yote hukimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) zinakauka katika muda mfupi kuliko wa kusema hata jina lake. Draisampu huiondoa oili pale chini. Pampu ya nje inayoendeshwa na beliti ya meno, aghalabu kwa nusu ya mwendo wa kranki, ina vyumba kadhaa: kimoja cha kusukuma oili kwenye beringi, na vingine vya kuifyonza ikishadondoka na kuirudisha kwenye tangi lililo kando. Sampu inakuwa sinia tu, kwa hiyo injini inaweza kushushwa chini zaidi. Mercedes-Benz waliitumia kwenye 300 SL ya 1954, ambayo injini yake imelazwa digrii 50 ili boneti iwe ya chini, na Jaguar wakaitia kwenye D-type mwaka huohuo. Ombwe halikuwa ajenda.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Porsche 911, na sababu ni ya kwetu. Gari hili limekuwa na draisampu tangu lilipoanza kutengenezwa mwaka 1964, na limeijua murram ya Afrika Mashariki vizuri. Vic Preston Jr. alishika nafasi ya pili kwenye Safari Rally ya 1978 akiendesha 911 SC, na Björn Waldegård akashinda Safari Classic ya 2011, mbio za magari ya zamani, kwa 911 ya zamani. Ukisimama kwenye sehemu ya matengenezo ya Safari Classic utaziona zimepangwa, na utawaona mafundi wakipima oili injini ikiwa ya moto na inazunguka taratibu. Mgeni hushangaa, maana sote tumefundishwa kuzima kwanza. Lakini oili ya 911 hizo za zamani iko kwenye tangi, na ukizima injini sehemu yake hurudi tumboni, kwa hiyo kijiti kitakudanganya. Ukiongeza juu ya uongo huo, tangi litajaa kupita kiasi, na ziada itapanda kwenye mpira wa kupumulia mpaka kwenye kichujio cha hewa. Moshi utakaofuata utauona kutoka Mombasa.

Angalia njia ya pumzi hapo: kutoka tumboni mwa injini kwenda kwenye tangi, kutoka kwenye tangi kwenda kwenye kichujio cha hewa. Ni mpangilio wa upole. Tumbo halivutwi kwa nguvu, linapewa tu mahali pa kutolea. (Katika toleo la 1972 Porsche waliweka mlango wa kujazia oili nje, ubavuni mwa gari. Uliondolewa baada ya mwaka mmoja, na inasemekana ni kwa sababu wahudumu wa vituo walikuwa wakitia petroli humo. Nimewahi kukutana na wahudumu ninaoamini wangeweza.)

Nimeyaleta haya yote kwa sababu ya ubishi na rafiki yangu anayejenga gari la mbio fupi za kuongeza mwendo, lenye injini ya bokseri ya silinda nne, zilizolala mbili huku mbili kule, na tabo ya kuisukumia hewa. Alinunua draisampu ya vyumba vitano, akafunga tangi zuri, halafu akatoboa vifuniko vya vali na kuweka bridha mbili, yaani vipumulio, zenye vichujio vinavyong'aa.

"Za nini hizo?" nikamuuliza.

"Kaka, injini lazima ipumue."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ninachosema ni hiki: kwenye draisampu iliyofungwa ipasavyo, injini haina ruhusa ya kupumua. Tangi ndilo linalopumua. Gesi yote iliyopenya ringi hufyonzwa pamoja na oili, hupelekwa kwenye tangi, na huko ndiko inakotenganishwa na kutolewa nje. Ukitoboa injini, pampu zitafyonza hewa ya nje kupitia bridha zako nzuri na kuipeleka kwenye tangi, kazi bure, kutwa nzima.

Hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba nilimchorea kwenye kipande cha boksi. Tuseme chumba cha kusukuma kinapeleka lita 40 za oili kwa dakika, na kuna vyumba vinne vya kufyonza, kila kimoja lita 40. Uwezo wote wa kufyonza ni lita 160. Oili inayorudi inachukua 40, kwa hiyo zinabaki 120 kwa ajili ya gesi. Sasa tuseme ringi zinapitisha gesi lita 60 kwa dakika, ukiipima kwa presha ya hewa ya nje. Pampu inadai lita 120, gesi iliyopo ni lita 60. Gesi haina budi kutanuka mara mbili ili kukijaza kile chumba, na ikitanuka mara mbili presha yake inashuka nusu. Hewa ya usawa wa bahari hupima karibu inchi 30 za zebaki. Nusu yake ni 15, na hizo 15 ndizo utakazoziona kwenye geji ya ombwe. Katika gari halisi utapata pungufu, kwa sababu pampu nazo huvuja ndani kwa ndani, lakini mantiki haibadiliki.

Ringi zikichoka na kupitisha lita 90, robo tatu ya presha inabaki na ombwe linashuka hadi inchi saba na nusu. Na ukifungua bridha, hewa ya nje itaingia kujaza upungufu wote na geji itakaa kwenye sifuri. Hakuna ukubwa wa pampu wa bei unayoweza kumudu utakaoshinda tundu lililo wazi.

Mtu atauliza, ombwe lenyewe lina faida gani? Hapa kuna maelezo mengi ya kishabiki. Utaambiwa kwamba ombwe huivuta ringi ibane vizuri mlipuko unaposukuma pistoni chini. Sikubaliani sana. Wakati wa mlipuko presha juu ya pistoni hufika makumi ya mara ya hewa ya nje, na nusu moja unayoiondoa chini si kitu mbele yake. Faida kubwa iko kwenye mkondo wa kuvuta hewa, pistoni inaposhuka na presha juu yake ikiwa ndogo, hasa kwenye injini isiyo na tabo. Wakati huo, kama tumbo lina presha, ringi hunyanyuliwa kutoka kwenye kitako cha mfereji wake na ukungu wa oili husukumwa kwenda juu. Oili ikiingia kwenye chumba cha kuunguzia hupunguza uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, injini inaanza kugonga, na unalazimika kurudisha nyuma muda wa cheche. Nguvu imekwenda. Ombwe likiwepo, ringi inatulia mahali pake katika mipigo yote minne ya pistoni.

Kutokana na hapo unaingia kwenye faida ambayo wajenzi wa injini hasa wanaifukuzia. Ringi ya tatu, ya kukwangua oili, ndiyo inayobana ukuta wa silinda kwa nguvu kuliko nyingine, na kubana huko ni msuguano. Ombwe likikusaidia kuzuia oili, unaweza kuweka ringi laini zaidi, na nguvu za farasi ulizokuwa unazichoma kwa kusugua ukuta zinarudi kwenye magurudumu. Ndiyo maana kufunga pampu ya ombwe kwenye injini yenye ringi za kawaida huleta tofauti ndogo, na wengi hukata tamaa hapo. Ringi zichaguliwe kwa ajili ya ombwe, la sivyo umenunua geji ya mapambo.

Lingine ni upepo wa tumboni. Kranki inayozunguka mara 9,000 kwa dakika huburuta hewa na oili kama mwiko kwenye ugali, na hewa ikiwa nyembamba ule mburuto hupungua. Kwenye bokseri ya rafiki yangu kuna jambo la ziada: pistoni mbili za mbele zinapotoka nje kwa pamoja, mbili za nyuma zinaingia ndani, kwa hiyo hewa yote ya tumboni husukumwa nyuma na mbele, kila nusu mzunguko, ikipita kwenye matundu membamba ya kuta zinazoshika beringi. Ukiipunguza hewa, unapunguza mzigo wa kuisukuma.

Wajenzi wa Formula 1 walifika mbali zaidi. Enzi za V10 za lita 3.0, na V8 za lita 2.4 zilizotumika kuanzia 2006 hadi 2013, kila jozi ya silinda ilikuwa na chumba chake cha kranki kilichozibwa kisivujishe kwa jirani, na kila chumba kikafyonzwa peke yake. Kwa mizunguko 18,000, ambayo kanuni ziliiweka kuwa kikomo mwaka 2009, kuhamisha gesi kutoka chumba hadi chumba ni kazi ambayo hakuna mtu angependa kuilipia.

Wamarekani wa mbio za kuongeza mwendo wana njia zao za mkato, na ninawapenda kwa hilo. Wapo waliochomelea bomba lenye valvu ya njia moja kwenye ekzosi, mkondo wa moshi ukawavutia gesi bure. Wapo waliochukua pampu za hewa zilizofungwa kwenye magari ya zamani ili kupunguza uchafuzi wakazitumia kwa kufyonza badala ya kupuliza. Kifaa kilichochukiwa na kila kijana mwenye V8 kikawa kifaa cha kuongeza nguvu. Pampu maalumu za ombwe zinazouzwa leo kwa injini zenye sampu ya kawaida zimetokana na ujanja huo.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji hawauzungumzii kwa sauti ileile.

Pini ya pistoni, ile inayoishikilia pistoni kwenye konrodi, katika injini nyingi haina njia yake ya oili. Inaishi kwa ukungu na matone yanayorushwa na kranki. Ukisafisha tumbo kwa ombwe, unaisafishia pini chakula chake. Wajenzi wengi wa Marekani huweka mpaka karibu na inchi 15. Wakitaka kupita hapo wanaweka jeti za kupulizia oili chini ya pistoni, au wanatoboa njia ya kuifikisha kwenye pini. Springi za vali nazo hupozwa na oili inayorushwarushwa, na katika injini zenye ombwe kubwa huwekewa vibomba vyake vya kunyunyizia. Kwa hiyo ombwe si kitu cha kuongeza mpaka geji iishe. Linawekewa valvu yenye springi, inayofunguka na kuingiza hewa kidogo kipimo ulichoweka kinapopitwa.

Kisha kuna sili. Sili ya kawaida ya kranki imetengenezwa ikitazama ndani, presha ya tumboni ikiikandamiza ishike shafti. Weka ombwe, na hewa ya nje itauinua mdomo wake na kuingia. Dawa ni sili yenye midomo miwili, au kuigeuza itazame nje. Wengi hawagundui hili kwa sababu hakuna oili inayovuja. Wanafurahi kabisa: injini kavu! Na kweli ni kavu, kwa kuwa kila mahali palipokuwa pakitoa oili sasa panavuta hewa.

Kwa uwanja wa lami huko Ulaya, hewa hiyo ni hewa tu. Kwetu, kuanzia Naivasha hadi Taita, hewa ya nyuma ya gari la mbele ni vumbi laini kama poda, linalopenya hata milango iliyofungwa. Sili mbovu kwenye injini isiyo na ombwe inakuchafulia sakafu. Sili ileile kwenye injini yenye ombwe inameza vumbi na kulipeleka moja kwa moja kwenye oili, bila kupita kichujio cha hewa ulichokilipia. Ndiyo maana naona mpangilio wa upole wa 911 unafaa rally kuliko ombwe kubwa, hata kama kwenye karatasi unapoteza farasi. Na valvu ya kudhibiti ombwe, kwenye gari la vumbi, lazima ivute kupitia kichujio kizuri. Nimeiona imefungwa tupu, inatazama mbele, nyuma ya grili.

Kuhusu geji, ipo tahadhari ya mwinuko. Geji inapima tofauti kati ya ndani na nje. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake yenyewe ni kama inchi 24 tu. Tumbo lililofyonzwa hadi nusu litakuonyesha 15 Mombasa na 12 hapa, bila chochote kuharibika. Mtu akikutumia picha ya geji yake kutoka Florida kujitapa, mwulize kwanza yuko usawa gani.

Ukishazoea namba zako, geji hiyo ni mbadala mzuri wa kile kipimo cha kufungua kifuniko. Kwa mizunguko ileile, linganisha injini ikiwa haina mzigo na ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Ombwe likiwa dogo hata bila mzigo, shuku sili, gasketi au beliti ya pampu. Likiwa zuri bila mzigo halafu linaanguka ukikanyaga, ni ringi, au tabo imeshaanza kukushinda.

Tangi nalo si debe. Oili inayorudi imechanganyika na gesi mpaka imekuwa povu, na povu halibebi beringi. Matangi mazuri ni marefu na membamba. Povu huingia juu kwa ubavu, likazungushwa ukutani, oili nzito ikashuka na gesi ikabaki katikati kutafuta njia ya juu. Bomba la kupumulia la tangi liwe pana, kwa maana gesi yote ya injini inapita hapo, na hewa yoyote iliyovujia ndani pia. Likibana, tangi linajenga presha. Na linakopumulia pawe na chombo cha kukusanyia matone: kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinadai lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi, ili oili isimwagike barabarani na kumtelezesha mwenzako.

Formula 1 kwa miaka mingi ilikuwa na jibu lake kwa tatizo hilohilo: kanuni ziliagiza bridha ielekezwe kwenye hewa inayoingia injini, mvuke uungue ndani usiguse lami. Halafu ikaja enzi ya kuhesabu mafuta kwa gramu, na ghafla oili ikawa na thamani kama kitu cha kuunguza. Kukawa na manung'uniko kwamba wapo wanaoutumia mlango huo. FIA wakapunguza kiasi cha oili kinachoruhusiwa kutumika, hadi lita 0.6 kwa kilomita 100 mwaka 2018, na mwaka huohuo wakaigeuza kanuni ya bridha: mvuke utoke nje tu, nyuma ya mhimili wa magurudumu ya nyuma, usirudi kwenye injini kamwe. Bomba lilelile, amri mbili zinazopingana.

Rafiki yangu ameziba matundu ya vifuniko vya vali, kwa shingo upande. Geji tumeifunga kwenye bloki, si kwenye tangi, na sili ya mbele imebadilishwa. Valvu ya kudhibiti imewekwa inchi 10, kwa hewa ya Nairobi, yenye kichujio. Yeye anataka 14. Injini hiyo haina jeti za oili chini ya pistoni, na mpaka siku atakapoifungua tena akaziweka, spana ya kugusa ile springi ninakaa nayo mimi.